Nimefunga 288, nikaitoa, nikafunga 264

Nianze na hukumu, mwenye haraka aende zake. Kwa injini ya Toyota 4A-GE ya valvu 16 inayotembea barabarani kila siku, jozi ya kamshafti (mihimili yenye nundu zinazofungua valvu) za digrii 264 nunua. Jozi ya digrii 288 niliyoanza nayo haikuchongwa vibaya, ila kwenye gari langu ilikuwa kiatu cha mtu mwingine. Ya 288 niliendesha miezi saba. Ya 264 sasa inakaribia mwaka. Majina ya watengenezaji nayaacha, maana mmoja nitamlalamikia na sioni haki kumtaja mmoja nikamficha mwenzake.

Gari ni Corolla AE86 yenye giaboksi yake ya asili, T50. Injini ni ya sentimita za ujazo 1,587, uwiano wa mgandamizo (kiasi pistoni inavyobana hewa) 9.4 kwa 1 kama ilivyotoka kiwandani, hedi haijaguswa. Kilichobadilishwa ni ekzosi na kompyuta ya injini, ambayo naweza kuipangia upya mafuta na moto. Nayataja haya mapema kwa sababu kusifia kamshafti bila kusema imefungwa kwenye injini gani ni sawa na kusifia dawa bila kutaja ugonjwa.

Kamshafti za kiwandani za injini hii ni za digrii 240. Yaani kati ya digrii 720 ambazo krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inazunguka kumaliza kazi moja kamili, valvu inakuwa wazi kwa 240. Sokoni utakuta 256, 264, 272, 288, na wapo wanaofika 304. Namba inavyopanda ndivyo mkono unavyowasha kutoa pesa.

Ile 288 niliinunua kwa masikio. Siku moja ya mashindano nilisimama kando ya gari la jamaa, limewashwa haliendi popote, linakohoa kwa mapigo na kutikisa kioo cha pembeni. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo. Sikumwuliza giaboksi gani, sikumwuliza pistoni zake zina mgandamizo wa kiasi gani. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba pistoni zake ni za mgandamizo wa juu, kila silinda ina throto yake, na gari lenyewe hufika mashindanoni limebebwa juu ya trela. Halijawahi kusubiri taa za barabarani hata siku moja.

Langu husubiri taa kila asubuhi.

Nilipoiwasha mara ya kwanza na 288, injini ilikataa kukaa kwenye mizunguko 850 kwa dakika iliyoizoea. Ikizima, nawasha, inazima. Nikapandisha hadi 1,100, ikawa inatikisika kiasi kwamba sarafu kwenye kisahani cha kati zilikuwa zinacheza. Ikatulia, kama kutulia ni neno lake, kwenye 1,300, na nyuma ya gari kunanuka petroli mbichi. Mama watoto akapanda, akafunga mlango, akasikiliza kidogo. "Hili gari linaumwa?" Nikamwambia sasa ni la mashindano. Akavuta mkanda bila kujibu.

Kinacholeta mtikisiko huo ni kile kipindi ambacho valvu ya kutoa moshi haijamaliza kufunga na ya kuingiza hewa imeshaanza kufunguka. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kilele cha nundu kiwe digrii 110 kutoka pistoni ilipo juu kabisa, pande zote mbili. Kwa kamshafti ya 240, valvu zinakuwa wazi pamoja kwa digrii 20. Kwa 264 ni digrii 44. Kwa 288 ni 68. Injini ikienda polepole, digrii 68 ni muda mrefu mno: moshi unarudi kwenye njia ya hewa, unachafua mchanganyiko mpya, silinda moja inawaka vizuri na inayofuata inakosa. Ndiyo ile kohoa-kohoa tunayoisifia. Injini ikienda mbio mambo yanageuka. Moshi unaotoka kwa kasi unavuta hewa mpya nyuma yake, na upenyo uleule uliokuwa ugonjwa chini unageuka kuwa faida juu.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni breki. Busta ya breki, inayousaidia mguu kusukuma, inafanya kazi kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye manifoldi ya kuingiza, yaani mabomba ya hewa ya injini, na moshi ukirudi humo mvuto unapungua. Kwa kamshafti za kiwandani, sensa ya manifoldi ilikuwa inasoma kama kilopaskali 35 gari limesimama injini ikiwa inawaka (namba ikiwa ndogo, mvuto ni mkubwa). Kwa 288 ilikuwa inarukaruka kati ya 55 na 65. Nikishuka maegesho ya ghorofani, nakanyaga breki mara ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu pedeli inakuwa ngumu kama jiwe na lazima nisukume kwa paja zima. Gari linasimama, ndiyo, lakini jasho limeshatoka. Sensa hiyohiyo ndiyo inayoiambia kompyuta ni mafuta kiasi gani ya kumwaga, kwa hiyo ikirukaruka na mafuta yanarukaruka. Niliponyoosha hapo kwa kupanga mafuta kufuata throto badala ya sensa kwenye mizunguko ya chini, hali ikawa nafuu. Nafuu, si nzima.

Mtikisiko ningeuvumilia. Hata breki ningetafuta njia. Kilichonishinda ni uvivu wa chini, na huo hauponyeki kwa kompyuta, kwa sababu chanzo chake ni mahali valvu ya kuingiza inapofunga. Watu wengi wanaangalia inapofunguka. Mimi sasa naangalia inapofunga, kwanza kabisa, kabla hata ya kimo cha kunyanyuka.

Pistoni ikifika chini na kuanza kupanda, valvu ya kuingiza bado iko wazi. Kwa 240 inafunga digrii 50 baada ya pistoni kuanza kupanda. Kwa 264, digrii 62. Kwa 288, digrii 74. Digrii hazimwingii mtu akilini, kwa hiyo nilikaa na kikokotoo nikazigeuza kuwa milimita, nikitumia mwendo wa pistoni wa milimita 77 na koneti rodi ya milimita 122. Kwa 240, pistoni imeshapanda milimita 10 hivi kabla valvu haijafunga. Kwa 264, kama 15 na nusu. Kwa 288 imeshapanda 22. Milimita 22 kati ya 77! Kwenye mizunguko 2,500 hewa haina kasi ya kushindana na pistoni, inasukumwa kurudi ilikotoka. Injini ya 1,587 inakuwa inakandamiza ujazo wa injini ndogo kuliko hiyo. Nilifunga geji ya mgandamizo kwenye tundu la plagi nikaizungusha kwa starta: zamani ilikuwa inafika karibu psi 180, kwa 288 ikagota 150. Pistoni zilezile, ringi zilezile.

Ndiyo maana yule jamaa ana pistoni za mgandamizo wa juu. Anarudisha kwa pistoni kile ambacho kamshafti imemnyang'anya. Mimi nilinunua nusu ya mapishi.

Lakini nisiionee. Juu, ile 288 ilikuwa raha ya aina yake. Ikipita 5,200 gari linabadilika sauti kwanza, kisha mgongo unabanwa kwenye kiti, na sindano inapanda hadi 7,500 bila kuonyesha dalili ya kuchoka. Kwa namna fulani uvivu wa chini unaifanya ile ya juu ionekane kubwa kuliko ilivyo. Kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu, nguvu ya kilele iliongezeka kilowati 8 tu magurudumuni, kutoka 75 hadi 83, ila kitini unahisi kama ni 30. Mtu akisema kamshafti kubwa inaongeza nguvu, mwulize nguvu ya mizunguko gani. Toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya injini yenye pumzi ya asili (isiyo na tabo) haiongezeki sana, inahamishwa. Nyutonimita 110 kwenye mizunguko 4,000 ni kilowati 46. Nyutonimita 110 hizohizo ukizipeleka 7,400 zinakuwa kilowati 85. Kazi yote ya kamshafti ni kuamua toki iwe na afya wapi, na unalipia kwa kuitoa mahali pengine. Kwangu, kwenye 3,500, ilishuka kutoka nyutonimita 118 hadi 101.

Sasa twende kwenye giaboksi, kwa sababu hapa ndipo nilipogundua kosa langu lilipokuwa, na sikuligundua kwa akili bali kwa hasira. Kila nikivuta gia ya kwanza hadi mwisho na kuingiza ya pili, gari linazubaa. Kama limesahau tulikuwa tunakwenda wapi. Linajikongoja, halafu ghafla linakumbuka.

T50 ina namba hizi za uwiano: gia ya kwanza 3.587, ya pili 2.022, ya tatu 1.384, ya nne 1.000, ya tano 0.861. Ukibadilisha kutoka ya kwanza kwenye mizunguko 7,500, injini inaangukia 7,500 mara 2.022 gawa kwa 3.587, yaani 4,228. Kutoka ya pili kwenda ya tatu inaangukia 5,134. Kutoka ya tatu kwenda ya nne, 5,419. Kamshafti yangu inaamka 5,200. Kwa hiyo gia ya kwanza kwenda ya pili ni shimo la mizunguko karibu elfu moja, ya pili kwenda ya tatu ni pembeni ya shimo, na ni ya tatu kwenda ya nne tu ambapo 288 inanipokea ikiwa macho. Na mara ngapi mtu anavuta gia ya tatu hadi 7,500 akiwa na leseni anayoitaka?

Mwenye giaboksi ya gia zilizokaribiana, ambapo injini haiporomoki sana ukibadilisha, hana tatizo hilo. Kwangu giaboksi ilikuwa imeshachagua kamshafti kabla sijafungua katalogi: inataka injini inayovuta kuanzia 4,200 kwenda 7,500, na chini ya hapo isife.

Nilifanya na jambo moja zaidi ambalo nashauri kila mtu alifanye kabla ya kununua, tena halina gharama ukiwa na kompyuta inayorekodi. Wiki mbili niliacha irekodi mizunguko kila safari. Nilidhani naendesha kama dereva wa mashindano. Zaidi ya robo tatu ya muda wangu injini ilikuwa kati ya 1,800 na 4,000. Niliangalia ule mchoro nikacheka peke yangu.

Basi nikaagiza 264. Kwa nini si 256? Kwa sababu bado nina moyo. Kwa nini si 272? Hapo nilisita siku kadhaa. 272 inafunga valvu digrii 66 baada ya chini, si mbali na 62, na kwa uwiano wa mgandamizo wa 10.3 wa zile 4A-GE za baadaye ningeichukua. Kwa 9.4 yangu niliona nimeshaungua mara moja.

Malalamiko yangu kwa mtengenezaji wa 288 yanaanzia kwenye kadi ya vipimo inayokuja na kamshafti. Kadi yake ilikuwa na namba mbili: 288 na kimo cha milimita 8.5. Basi. Haikusema digrii 288 zimehesabiwa valvu ikiwa imenyanyuka kiasi gani, na bila hilo namba ni urembo. Kuna anayeanza kuhesabu kwenye milimita 0.1, kuna anayeanza inchi 0.006, na Wamarekani wengi hutoa pia namba ya inchi 0.050, ambayo ni milimita 1.27. 288 ya huyu inaweza kuwa 280 ya yule. Niliipima mwenyewe kwa geji ya saa na duara la digrii, ikatoa 244 kwenye kimo cha milimita 1. Haikutaja springi, wala haikutaja kwamba injini hii ina shimu (visahani vya chuma vya kurekebisha uwazi wa valvu) zilizokaa juu ya kikombe, na nundu ndefu kwenye mizunguko mikubwa inaweza kukamata ukingo wa shimu ikairusha. Hilo nililijua kwa kuuliza mafundi, nikafunga springi ngumu zaidi na kulala bila amani.

Kadi ya 264 ni ukurasa mzima. Digrii 264, na 226 kwenye milimita 1. Kimo milimita 7.9. Kilele kiwekwe 110. Springi za kiwandani zinaruhusiwa. Uwazi wa valvu, milimita 0.20 kuingiza na 0.25 kutoa, injini ikiwa baridi. Kwa kadi hiyo peke yake nawapa alama.

Kufunga nilifanya na fundi wangu, mtu wa maneno machache. Kabla ya kuzungusha chochote kwa starta tulipima nafasi kati ya valvu na pistoni. Nilikuwa nimefanya hivyo na kwa 288, hedi ikiwa imefunguliwa: unachukua udongo laini wa watoto wa kuchezea (wangu aliulizia wa kijani siku nzima), unaupaka mafuta kidogo, unaubandika juu ya pistoni, unafunga hedi na kamshafti, unazungusha krenki kwa mkono mara mbili, unafungua na kuukata kwa wembe. Sehemu nyembamba kabisa ndiyo nafasi yako. Kwa 288 upande wa kuingiza nilipata milimita 2.3, na fundi akanyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake. Valvu haikaribii pistoni ikiwa juu kabisa. Hukaribia digrii kama 10 baada ya hapo kwa valvu ya kuingiza, na kabla ya hapo kwa ya kutoa. Anayepima kwenye nukta ya juu peke yake anajidanganya. Kwa 264 nafasi ilikuwa ya kutosha, fundi akasema, "Hii hata ukilala," akaendelea na kazi.

Shimu ndizo zilizotupotezea siku. Kamshafti mpya, duara la chini la nundu si sawasawa na la zamani, kwa hiyo uwazi wote 16 unapimwa upya kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo, unahesabu, unatoa kamshafti, unabadilisha shimu, unarudisha. Tulitoa mara tatu. Hakuna mtengenezaji kati ya hawa wawili anayeweka hata shimu chache kwenye boksi, na hilo linakera wote sawa.

Tulipaka nundu zote ile pasta nzito ya kufungia, tukawasha na kuishikilia kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika 20 bila kuiachia ishuke. Kisha nikaiachia. Ikakaa kwenye 950, ikinguruma kwa mbali tu, kama mtu anayesafisha koo. Sensa ikasoma 42. Nikakanyaga breki mara tano mfululizo, pedeli laini.

Uzuri wa injini yenye kamshafti mbili ni kwamba ukiwa na puli za kurekebisha, yaani magurudumu ya mbele ya kamshafti yanayoweza kusogezwa, mpangilio wa kilele hauko kwenye chuma milele. Nilianza 110 kwa 110 kama kadi ilivyotaka. Kisha nikasogeza ya kuingiza mbele hadi 106, ili ifunge digrii 58 badala ya 62. Chini kukawa na uhai zaidi, juu ikapoteza kidogo sana, nikaiacha hapo. Angalizo kwa atakayejaribu: digrii moja kwenye kamshafti ni mbili kwenye krenki, na puli nyingine zimechorwa kwa digrii za krenki. Soma puli yako kabla hujasogeza, kisha zungusha kwa mkono.

Daino ileile, magurudumuni: kilowati 81 kwenye 6,900. Pungufu ya 288 kwa mbili. Kwenye 3,500, nyutonimita 115, pungufu ya kiwandani kwa tatu. Barabarani tofauti iko kwenye gia ya pili: inaangukia 4,228 na inaendelea kuvuta kana kwamba hakuna kilichotokea. Gari linachanganya kwa mstari mmoja. Sijabadilisha namba yoyote ya giaboksi, na limekuwa jepesi.

Kasoro zipo. Ikipita 7,000 inakata tamaa, unahisi kabisa hewa imeisha, na mimi niliyewahi kuonja 288 nasikia upungufu huo kila mara. Mlio hauna sifa. Ukisimama kwenye taa hakuna atakayegeuka. Boliti za puli ya kuingiza zililegea ndani ya kilomita 600 za kwanza, ingawa hilo ni la puli, si la kamshafti. Sasa kila boliti ina mstari wa rangi nyeupe, nafungua kifuniko naangalia kwa tochi. Uwazi wa valvu niliupima tena baada ya kilomita 5,000: ya kutoa ya silinda ya tatu imesogea kutoka 0.25 hadi 0.23, zilizobaki zimekaa.

Ile jozi ya 288 iko chini ya benchi, imefungwa kwenye kitambaa chenye oili, nundu safi hazina mkwaruzo. Wameshaniulizia wawili. Mmoja ana giaboksi yenye gia zilizokaribiana na pistoni za mgandamizo wa juu, nimemwambia aje aichukue. Wa pili alitaka kusikia ikiunguruma kwanza.